UZI: Tsar (mfalme wa Urusi) alipona 1905, iweje 1917 aondoke ndani ya wiki moja tu?

Baba Ndizi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Leo nina bando na umeme upo kwa hiyo nitaandika mpaka mnichoke.

Ukimuuliza mtu ufalme wa Urusi ulianguka vipi atakwambia Lenin, akijitahidi sana ataongeza Rasputin, basi mjadala umefungwa. Sasa siku Tsar Nikolai wa Pili anatia saini kuachia kiti, Lenin alikuwa Zurich huko Uswisi anashinda maktaba, na Januari ya mwaka huohuo 1917 alikuwa ametoa mhadhara kwa vijana akawaambia sisi wazee huenda tusiishi kuyaona mapambano ya mwisho. Hata miezi miwili haikupita, ufalme wa miaka 304 haupo. Yaani mtaalamu wa mapinduzi mwenyewe alipata habari kama wewe na mimi tunavyopata, mtu kaja mbio kumwambia umesikia ya Urusi?

Kwa hiyo mimi nina hoja moja tu na nitaing'ang'ania mpaka mwisho: dola ile haikuangushwa na chama, iliangushwa siku mtu aliyeshika bunduki alipokataa kuitumia. Na ushahidi wangu ni kwamba miaka 12 nyuma kila kitu kilikuwa tayari, hasira ipo, migomo ipo, vita imeshindwa, ila bunduki ilitii, na Tsar akabaki.

Twende 1905. St Petersburg, kiwanda cha Putilov, Desemba 1904 wanafukuzwa kazi watu wanne. Wanne tu. Januari kiwanda kizima kimegoma na vingine vinafuata. Kuna padri anaitwa Georgy Gapon ana chama chake cha wafanyakazi, na cha kuchekesha chama chenyewe polisi walikuwa wanakijua na kukiruhusu, walidhani kitawatuliza watu. Padri akaandika ombi kwa Tsar: kazi saa nane kwa siku, mishahara, uhuru wa kusema, bunge. Jumapili ya tarehe 9 Januari kwa kalenda yao (kwetu ni 22) watu wakavaa nguo za kanisani, wakabeba sanamu za watakatifu na picha za Tsar mwenyewe, na wake zao na watoto, wakaelekea Ikulu ya Majira ya Baridi wanaimba nyimbo za dini. Hawa sio wapinzani jamani, hawa wanakwenda kumshtakia baba yao kwamba wasaidizi wake wanawaonea.

Baba mwenyewe hayupo, yuko Tsarskoye Selo nje ya mji. Wakapigwa risasi. Serikali ilikubali vifo kama 130, wengine wakahesabu mamia mengi zaidi.

Wakati huohuo kuna vita na Japani na hapa naomba nipite kidogo kwenye bahari yetu hii ya Hindi. Urusi ilitoa meli zake za kivita Baltic kule kaskazini ziizunguke dunia zikaikomboe Port Arthur, bandari yao ya kijeshi kule China, njiani zikawafyatulia wavuvi wa Kiingereza usiku zikidhani ni Wajapani (Bahari ya Kaskazini! Mjapani kafikaje huko!), nyingine zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, nyingine zikapita Suez, zikakutana Nosy Be pale Madagascar zikakaa karibu miezi miwili. Joto, magonjwa, mabaharia wanazikwa, na hapohapo ndo wanapata habari kwamba Port Arthur waliyotumwa kuiokoa imeshasalimu amri na nyumbani watu wamepigwa risasi mbele ya ikulu. Mei 1905 wakafika Tsushima, siku mbili mchezo umekwisha, meli karibu zote zimezama au zimetekwa.

Nakunywa chai narudi.

Dogo wa Chuo

Nimeweka kambi hapa. Ila Baba Ndizi weka nukta basi, sentensi zako zina mabehewa mengi kuliko treni ya Siberia 😂

Fundi Redio

Mkuu umeanza vizuri ila usituruke na Rasputin. Yule mganga ndo alimaliza ile familia. Malkia alikuwa haambiliki kwa sababu yake, mawaziri wanateuliwa na kufukuzwa kwa neno la mganga.

Baba Ndizi

Fundi nitafika, ngoja nimalize 1905.

Baada ya Tsushima nchi nzima ikachemka. Warsaw, Łódź, Riga, Baku, Georgia, vijijini wakulima wanachoma nyumba za mabwana. Juni mabaharia wa Potemkin kule Bahari Nyeusi wanapewa nyama ina mafunza, daktari wa meli anaiangalia anasema nyama safi tu ioshwe na siki, wakakinukisha wakaichukua meli. Oktoba ukaja mgomo wa nchi nzima, reli imesimama, simu za maandishi kimya, taa hakuna, hata wacheza ngoma za maonyesho wa mjini wakagoma. Sergei Witte, mmoja wa mawaziri wake wakubwa, akamwambia Tsar una njia mbili, toa katiba au weka dikteta wa kijeshi. Tsar akamtaka ndugu yake Nikolai Nikolaevich, kwa hesabu zetu ni baba yake mdogo kabisa, awe huyo dikteta. Inasimuliwa mzee yule alitoa bastola akasema usiposaini najipiga risasi hapahapa. Tarehe 17 Oktoba Tsar akasaini: uhuru wa raia na bunge litakaloitwa Duma. Mshikeni huyo baba mdogo, atarudi.

Sasa kwa nini alipona? Watu wanasema ile karatasi. Karatasi ilisaidia, iliwagawa, matajiri wenye siasa za wastani wakasema yatosha wakarudi nyumbani, wafanyakazi wakabaki peke yao. Ila kilichoamua ni Desemba, Moscow. Wafanyakazi wa mtaa wa Presnya wameweka vizuizi barabarani wana bastola. Serikali ikatoa kikosi cha walinzi cha Semyonovsky kutoka St Petersburg kwa treni, na reli hiyo ndo pekee wagomaji walishindwa kuisimamisha. Wakafika, wakaleta mizinga, Presnya ikapigwa mpaka ikawaka. Na vita na Japani ilikuwa imeisha tangu Septemba kwa hiyo jeshi linarudi, na Aprili 1906 Witte akapata mkopo mnene kutoka Ufaransa, hela ya kulipa mishahara ya wenye bunduki ipo. Kesi imekwisha. Ilibaki waziri mkuu Stolypin kunyonga watu.

Fundi, Rasputin: aliuawa Desemba 1916, miezi miwili na ushee kabla. Kama yeye ndo tatizo basi tatizo lilishazikwa. Sikatai alichafua jina la familia, mtoto wa kiume ana ugonjwa wa damu kutoganda, mama kachanganyikiwa, yule anaonekana anamtuliza mtoto, ndo akapata mlango. Na mawaziri wakuu watatu ndani ya miezi 13 ile ya mwisho sio utani. Ila ukumbuke Tsar mwenyewe 1915 aliamua kwenda kuongoza jeshi binafsi, hapo Rasputin alimuunga mkono tu, wazo lilikuwa la Tsar. Kuanzia siku hiyo kila kipigo mbele kikawa kimeandikwa jina lake.

Mzee Mkongojo

Wanangu mnazunguka sana. Ni njaa. Mtu mwenye njaa hana mfalme. Mkate ulikosekana Petrograd (ndo St Petersburg ileile, jina jipya), wakaingia barabarani, basi.

Baba Ndizi

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote nakataa nusu. 1891 mpaka 1892 ile njaa ya Volga iliua watu mamia ya maelfu, na baba yake huyuhuyu Nikolai aliendelea kukaa kwenye kiti hajatikisika. Njaa peke yake haiangushi serikali, wenye njaa kali wengi hawana hata nguvu ya kutembea mpaka ikulu.

Halafu 1917 nafaka ilikuwepo! Hii ndo inauma. Nafaka ipo Siberia na kusini, ila injini za treni zimechoka, mabehewa yanapeleka mizigo ya vita, serikali imepanga bei ya nafaka chini, na mkulima akiuza hela yenyewe haina cha kununua maana viwanda vinatengeneza makombora, hakuna misumari hakuna kitambaa. Bora alishe ng'ombe. Serikali nayo ilishapiga marufuku vodka 1914 wakati karibu robo ya mapato yake yalikuwa yanatoka kwenye vodka, kwa hiyo inachapa noti tu. Mji mkuu uko mbali kule kaskazini mwisho wa reli, ndo unaanza kukauka.

Sasa Februari yenyewe, naandika kwa kalenda yao, kwetu jumlisha siku 13.

Tarehe 22 Tsar anapanda treni kwenda Mogilev makao makuu ya jeshi. Siku hiyohiyo Putilov (tena Putilov!) menejimenti inafunga mageti kwa sababu ya mgogoro wa mishahara, maelfu wako nje. Tarehe 23 ni siku ya wanawake. Wanawake wa viwanda vya nguo upande wa Vyborg, hawa ndo wanaotoka zamu wanakwenda foleni ya mkate kwenye baridi, na kuna tetesi mkate utatolewa kwa kadi. Usiku wa kuamkia hapo viongozi wa Wabolsheviki (chama cha Lenin) wa mtaa uleule walikuwa wamewasihi watulie, wakati bado. Hawakusikiliza. Asubuhi wakatoka, wakapita viwanda vya chuma vya wanaume wakarusha mabonge ya theluji madirishani, tokeni! Wakatoka. Polisi wakaziba madaraja, watu wakashuka wakavuka mto Neva kwa miguu juu ya barafu. Tarehe 25 wagomaji wamepita laki mbili, mji umesimama. Na hali ya hewa ilikuwa imepoa ukali baada ya wiki za baridi mbaya. Malkia akamwandikia mumewe barua kwamba ni wahuni tu, vijana wanakimbiakimbia kupiga kelele hakuna mkate, kungekuwa na baridi kali wangekaa ndani.

Jioni hiyo Tsar akapeleka simu kwa Jenerali Khabalov mkuu wa jeshi mjini: naamuru fujo zikomeshwe kesho. Kesho! Khabalov baadaye alisema aliposoma ilikuwa kama amepigwa rungu, maana mpaka hapo alikuwa anawapa watu mkate na maneno, sasa kimebaki kitu kimoja.

Jumapili tarehe 26 wakapiga. Uwanja wa Znamenskaya wakafa watu kwa makumi, na waliopiga ni kikosi cha mafunzo cha Volynsky. Mpaka usiku mji umetulia, serikali inapumua.

Usiku ule kambini ndo historia yote ilipo. Vijana wamerudi hawasemi. Kuna sajenti wao Timofey Kirpichnikov, anawakusanya wakubwa wa makundi gizani, wanaulizana kesho tunafanyaje, wanakubaliana kesho hatupigi. Asubuhi ya tarehe 27 Kapteni Lashkevich anaingia, wanamkatalia usoni, anageuka kutoka, risasi inamfuata uwanjani. Hapo hakuna kurudi tena maana wote mnanyongwa. Kwa hiyo wakakimbilia kambi za jirani, Preobrazhensky, Litovsky, njooni nanyi, sio kwa ushujaa sana bali kwa woga, wakiwa wengi watanyongwa wangapi? Mpaka jioni makumi ya maelfu ya askari wako upande wa mtaa, ghala la silaha limefunguliwa, magereza yamefunguliwa, na kwenye jengo la Tavrichesky chumba kimoja wabunge wa Duma wanaunda kamati, chumba kingine wafanyakazi na askari wanaunda baraza lao, Soviet.

Sasa linganisheni na Desemba 1905. Kikosi cha Semyonovsky kilichoipiga Moscow, 1917 jina lilelile lipo Petrograd, ila wale watu wa zamani walishaisha kwenye vita, na waliobaki hai wako mbele. Kambi za mji mkuu zimejaa vikosi vya akiba, vijana wa juzi, baba wa watoto wanne aliyetolewa shambani, majeruhi wanaopona, hata wafanyakazi wa viwandani waliopelekwa jeshini kama adhabu ya kugoma. Yaani serikali ilimchukua mgomaji ikampa bunduki ikamweka mita chache kutoka kiwandani kwake. Mama anayepiga kelele foleni ya mkate ni mama wa fulani humo kambini.

Bint Pwani

Uzi mtamu, ila mnaongea kama Urusi ilikuwa Petrograd na Moscow tu. Dola ilianza kupasuka mwaka mmoja kabla, kwa Waislamu wa Turkestan (Asia ya Kati), na hakuna anayewataja. Wazungu wa Urusi walikuwa wanawapora ardhi Wakazaki na Wakirgizi miaka na miaka wanawapa walowezi. Jeshini hawakuwa wanachukuliwa. Juni 1916 ikatoka amri wanaume wa miaka 19 mpaka 43 wapelekwe kuchimba mahandaki na kazi za nyuma ya jeshi. Wakati wa mavuno, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeingia. Mapema Julai Khujand wakaanza, ikasambaa mpaka nyika za Wakazaki, Amangeldy Imanov akakusanya watu maelfu kule Turgay. Wakirgizi walipigwa vibaya, wakakimbia na mifugo na watoto kupitia milima ya Tian Shan kwenda China, wengi wakafia njiani. Wakirgizi wanaita Urkun, mpaka leo wanaomboleza.

Na Baba Ndizi hoja yako pale inakwama, kule bunduki ilitii vizuri tu.

Baba Ndizi

Bint Pwani umenipiga panapouma na nakubali iingie kwenye uzi. Ila tazama, inatii kwa sababu anayepigwa sio ndugu yake. Askari aliyetumwa Turkestan hakuwa anapiga mtu wa lugha yake wala wa foleni ya mama yake, na walowezi wenye silaha walikuwa upande wake. Na vikosi na mizinga vilivyokwenda kule ni jeshi lilelile linalohitajika kwingine.

Mtaalamu Kimya

Nimesoma kimya muda wote, sasa niseme. Unawapa askari wa Petrograd sifa kubwa mno. Walikuwa laki moja na sitini elfu hivi, jeshi la mbele ni mamilioni na lilikuwa bado limesimama. Tsar alimtuma Jenerali Ivanov na kikosi kwenda kurudisha mji. Treni ya Tsar yenyewe ilitoka Mogilev alfajiri ya tarehe 28, ikafika Malaya Vishera ikaambiwa mbele kumeshikwa, ikageuka kwenda Pskov. Pale Jenerali Ruzsky akamkalia shingoni, na Jenerali Alekseev akawaandikia makamanda wote wa mbele mnasemaje, na wote wakajibu achia. Brusilov, Evert, Sakharov. Na huyo baba mdogo wako Nikolai Nikolaevich, kutoka Caucasus, naye akamwomba kwa magoti aachie. Tarehe 2 Machi akasaini mbele ya Guchkov na Shulgin waliotumwa na kamati ya Duma, akamrithisha mdogo wake Mikhail, naye kesho yake akakataa. Waliomuondoa ni majenerali, mtaa ulitikisa tu mti. Walidhani wakimtoa huyu mmoja, vita itapiganwa vizuri zaidi. Haya mambo ya sajenti yanapendeza kusimulia ila sajenti hakuwa Pskov.

Dogo wa Chuo

Eeh hapa sasa 🔥🔥 Baba Ndizi jibu.

Baba Ndizi

Mtaalamu, kila ulichosema ni kweli na ndo maana nakushukuru, sasa jiulize kwa nini walijibu vile. Majenerali hawa hawakuwa na mapenzi na Soviet hata chembe. Huyo Ivanov uliyemtaja alifika Tsarskoye Selo na kikosi cha watu waliotunukiwa nishani za ushujaa, na akarudi bila kufyatua, maana kila kikosi kilichotumwa, kikifika kwenye moshi wa Petrograd kinaanza kuuliza maswali. Alekseev aliogopa kitu kimoja, kwamba akitoa vikosi mbele avipeleke Petrograd vitaambukizwa na atapoteza jeshi lote huku Mjerumani yuko mbele yake. Ile ndo hofu iliyoandika zile simu, na hofu hiyo imetoka kambi ya Volynsky.

Pia usisahau reli. Kuna mbunge wa Duma anaitwa Bublikov, tarehe 28 alikwenda na askari wachache akashika wizara ya reli, akapeleka habari kwa simu ya reli kwenye vituo vyote nchi nzima kwamba serikali ya zamani imeanguka. 1905 Semyonovsky walipita na treni mpaka Moscow. 1917 mwenye nchi mwenyewe anazungushwa na treni hajui alale kituo gani.

Na tarehe 1 Machi Soviet ikatoa Amri Namba 1, kila kikosi kichague kamati, silaha zikae chini ya kamati sio chini ya maofisa, nje ya zamu hakuna kupiga saluti. Imetoka kabla Tsar hajasaini. Hapo hata majenerali wangebadili mawazo wangemtuma nani?

Mtaalamu Kimya

Bado nasema majenerali wangeweza kusubiri siku tatu. Ila la reli nakupa.

Mzee Mkongojo

Marahaba mwanangu. Mimi nabaki na mkate wangu. Hao askari nao wake zao walikuwa foleni, umesema mwenyewe.

Fundi Redio

Sasa na yule padri Gapon aliishia wapi? Na huyo sajenti? Au akawa mkubwa kwenye serikali ya Lenin?

Baba Ndizi

Gapon alikimbilia nje baada ya ile Jumapili, akarudi, akaanza tena kuwasiliana na polisi, wenzake wa chama cha Wasoshalisti Wanamapinduzi wakagundua, wakamnyonga kwenye nyumba moja ya mapumziko huko Ozerki, 1906.

Kirpichnikov alipewa nishani ya Mtakatifu George na serikali ya muda, picha yake ikazunguka, askari wa kwanza wa mapinduzi. Wabolsheviki walipochukua nchi Oktoba hakuwataka, akakimbilia kusini kwa Don kujiunga na jeshi la Weupe, wapinzani wa Wabolsheviki waliokuwa wanajipanga kupigana nao. Akapelekwa mbele ya ofisa anaitwa Kutepov, akajitambulisha kwa kujivunia yeye ni nani. Kutepov huyo tarehe 27 Februari alikuwa likizo Petrograd, akapewa kikosi akapigana mtaa wa Liteiny kujaribu kuuzima uasi uleule akashindwa. Akaamuru apelekwe nje apigwe risasi.

Oktoba itakuwa na uzi wake, msiiulize hapa.